Mahindi ya Mama, Pesa ya Nani?

KONA YA FAMILIA

   

Mwezi huu tunataka tuzungumze jambo ambalo linarudi kila wiki katika masomo ya jioni ya watu wazima, hata kama somo la siku hiyo ni kujumlisha na kutoa tu. Jambo lenyewe ni soko. Hatusemi lile soko la kwenda na kikapu kununua nyanya. Tunasema soko likifika mlangoni, yaani pale kitu ambacho zamani tulikilima ili tule, sasa tunakilima ili tuuze. Lori linakuja, mzani unashushwa, noti zinahesabiwa. Halafu jioni nyumba inajaa maneno. Nani alilima? Nani alipokea? Na mbona mtoto bado hajalipiwa shule?

Tunajua wengine watasema, “Hawa walimu wadogo hawajaoa wala kuolewa, wanatufundisha nini mambo ya nyumba?” Wana haki kusema. Lakini sisi ndio tunakaa na watoto wenu kutwa nzima, na wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna, madawati yaliyo wazi tunayaona sisi. Na wanaokosa zaidi ni wasichana. Kwa hiyo jambo hili limetufikia na sisi, hata kama hatuna nyumba zetu bado.

SAFARI YA GUNIA MOJA

Tuanze na gunia la mahindi. Wengi wenu mnajua kwamba Uganda inaipa familia ya wakimbizi kipande cha shamba makazini. Si shamba la kuuza, ni la kutumia. Waliofika zamani walipata kikubwa kidogo. Baadaye familia nyingi mpya zilipata kipande cha mita 30 kwa 30. Ukipiga hesabu ni mita za mraba 900, yaani hata robo ya eka hakifiki. Anayetaka zaidi anakodisha kwa wenyeji.

Sasa tuhesabu kazi. Kufyeka majani. Kulima. Kupanda. Kupalilia mara ya kwanza, kupalilia mara ya pili. Kufukuza ndege na nyani. Kuvuna, kubeba kichwani mpaka nyumbani, kumenya, kuanika. Mvua ikitishia unakimbia kuanua, jua likirudi unaanika tena. Kisha kupukuchua, kupepeta, kutia guniani. Tukiuliza darasani nani anafanya kazi hizi, akina baba wanajibu, “Tunafanya sisi sote.” Tukiuliza moja moja, kupalilia nani, kuanika nani, kupepeta nani, basi akina mama wanaanza kucheka, na akina baba nao wanacheka. Jibu linajulikana.

Halafu mchuuzi anafika na lori. Anauliza, “Mwenye nyumba yuko wapi?” Huyo anayemtafuta ni baba. Baba anatoka, wanapatana bei, wanapima, noti zinaingia mfukoni. Mama yuko nyuma ya nyumba, anakung'uta magunia matupu.

Gunia linakuja Kampala. Mahindi mengi ya mashambani yanaishia Kisenyi, kwenye mashine za kusaga zinazonguruma mchana na usiku, yanatoka huko yakiwa unga wa posho. Unga unaenda madukani na katika shule za bweni, na mwingine unavuka mpaka. Inaweza kutokea kabisa kwamba mahindi aliyopalilia mama wa Kyangwali yananunuliwa kama posho na mdogo wake anayekaa Katwe. Hawa dada wawili wako katika soko moja bila kujua. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi Uganda, wakaonyesha jambo hilohilo: wachuuzi Waganda wanaingia makazini kununua mazao, na mazao yanasafiri mbali kuliko watu waliyoyalima. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkimbizi ni wa kula rashoni tu. Mkimbizi analisha mji.

Lakini soko lina nguvu ya kufika mbali, na ghadhabu yake nayo inafika mbali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu wa mahindi yasiyokauka vizuri. Baada ya siku chache walifungua tena, lakini kwa masharti. Jambo hilo linaamuliwa ofisini Nairobi. Atakayeongezewa kazi ni nani? Ni yule anayeanika. Mahindi yasiguse udongo, yawekwe juu ya turubai, yageuzwe, yakauke kabisa. Kazi imeongezeka, na anayepokea pesa ni yuleyule.

HADITHI HII NI YA ZAMANI

Tusifikiri kwamba shida hii imeanza na sisi wakimbizi, au kwamba wanaume wa kabila fulani ndio wabaya. Tumesoma kidogo historia, tukaona jambo hili lina umri mkubwa.

Hapa Buganda, mwaka 1900, Waingereza na machifu waliweka mkataba. Ndani yake kulikuwa na kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Rupia haikui kwenye mgomba. Mtu alipaswa kuitafuta. Mwaka 1903 mbegu za pamba zililetwa ili watu wapate cha kuuza, na baadaye kahawa ikashika nafasi kubwa zaidi. Kodi ilidaiwa kwa mwanaume, kwa hiyo zao la pesa likawa la mwanaume. Mama alibaki na matoke, viazi na maharagwe, yaani chakula cha nyumba. Lakini jembe halikugawanywa hivyo. Katika pamba na kahawa mama alipalilia na kuchuma vilevile, na akirudi nyumbani sufuria inamngoja.

Mpaka leo, ukienda vijiji vya kahawa, utaona akina mama na watoto wanachuma na kuanika ile kahawa kavu ambayo Waganda wanaiita kiboko, na mara nyingi mwenye kuipeleka kwa mnunuzi ni baba. Katika mwaka wa kahawa wa 2023/24 Uganda iliuza nje kahawa ya zaidi ya dola bilioni moja. Ni pesa nyingi sana. Swali la mama wa kijijini ni dogo tu: kati ya hizo, ngapi zimepita mkononi mwangu?

Wengine walishaliona jambo hili mapema. Mwaka 1970 mama mmoja mchumi wa Denmark, Ester Boserup, aliandika kitabu juu ya kazi ya wanawake katika maendeleo. Alisema kwamba katika sehemu nyingi za Afrika mwanamke ndiye mkulima, lakini wakoloni na wataalamu waliokuja baadaye walipeleka mbegu mpya, vyombo vipya na mafunzo kwa wanaume. Mwanaume akapanda juu, mwanamke akabaki na jembe la mkono.

Kule Gambia, Afrika Magharibi, mpunga ulikuwa zao la akina mama tangu zamani. Mwaka 1984 ulianza mradi mkubwa wa kumwagilia maji mashamba ya mpunga. Nia ilikuwa kuwasaidia hao akina mama, lakini mashamba yakaangukia mikononi mwa waume, kwa sababu wao ndio waliohesabiwa wakuu wa nyumba. Akina mama walifanya nini? Wengine walikataa kulima, wengine wakadai walipwe kama vibarua. Karibu na sisi, kule Meru nchini Kenya, katika miaka ya 1990, makampuni yalinunua maharagwe mabichi ya kupeleka Ulaya. Bustani za mboga zilikuwa za akina mama. Bei ilipopanda, akina baba wakaingia. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba akina mama walifanya sehemu kubwa ya kazi, lakini pesa waliyopata haikufika nusu.

Ndugu msomaji, umeona? Mpunga, maharagwe, kahawa, mahindi. Mbegu ni tofauti, nchi ni tofauti, lakini mwendo ni mmoja. Zao likiwa la kula linaitwa la mama. Likipata bei linabadilisha jina. Na sababu si kwamba wanaume wanazaliwa na tamaa. Sababu ni kwamba karatasi ya shamba, kadi ya ushirika, baiskeli ya kubebea na simu ya kupokelea pesa, vyote viko upande mmoja wa nyumba.

Sisi tuliotoka Kivu tunakumbuka mambo kama hayo. Maharagwe ya Masisi na Rutshuru yalishuka Goma migongoni mwa akina mama. Pale mpaka wa Goma na Gisenyi wanawake wanapita kwa maelfu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Akina mama wa kwetu wanalijua soko tangu zamani. Tulichopoteza njiani tulipokimbia ni ile miti ya kushikia: shangazi wa kuamua ugomvi, baba mkwe wa kumwambia mwanawe “hapo umekosa”, na shamba la mama ambalo kila mtu alijua ni la mama. Hapa tumefika tukiwa na karatasi moja ya familia na kipande kimoja cha shamba. Kwa hiyo ni lazima tuzungumze mambo ambayo zamani hayakuhitaji kuzungumzwa.

KAMPALA, GURUDUMU LINAGEUKA

Sasa tuje mjini, maana huku gurudumu linageuka upande mwingine.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Ni jambo ambalo nchi nyingi hazitoi. Ile ripoti ya Oxford ya 2014 ilikuta kwamba hapa Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Soma tena hapo, kisha umwambie jirani anayesema wakimbizi wanakula bure.

Katika familia nyingi za Wakongomani anayetangulia sokoni ni mama. Anachukua bitenge kwa mali kauli kutoka kwa mwenye duka mjini, au hereni na shanga, anazunguka. Hata Waganda wamechukua neno letu la Kiswahili: mchuuzi wa kuzunguka wanamwita omutembeeyi, yaani yule anayetembea. Na kweli anatembea. Asubuhi Nsambya, mchana Kabalagala, jioni miguu imevimba. Akiuza anarudisha pesa ya mwenye mali, kinachobaki ndicho posho, ndicho mkaa, ndicho kodi ya chumba. Na kutembeza barabarani bila leseni kunakatazwa. Askari wa KCCA wakimkamata, mzigo unakwenda, na deni linabaki palepale. Januari 2022 waliondoa wachuuzi wengi barabarani kwa mara moja, na wengi mnakumbuka.

Na baba? Baba alikuwa mwalimu kule Uvira, au dereva, au alikuwa na ng'ombe. Hapa diploma yake ni ya Kifaransa, Kiingereza hakijakaa vizuri, kazi ya mjengo inamtaka mtu wa miaka ishirini. Anakaa chumbani. Mama anarudi saa mbili usiku na elfu kumi na tano, anakuta maji hayajachotwa, watoto hawajala. Anasema neno moja. Baba analisikia kama kumi. “Kwa sababu wewe sasa ndiye unashika makuta, unanidharau?” Hapo ndipo moto unawaka. Tumesikia habari hizi mara nyingi mno katika masomo ya jioni, na zingine ziliishia hospitali.

Kwa hiyo angalieni. Kambini soko limempa baba pesa, mama akachoka. Mjini soko limempa mama pesa, baba akaumia, na mama akachoka vilevile. Pesa imebadilisha mkono, lakini jiko, ndoo na mtoto havijabadilisha. Wakati mwingine huyo anayechukua jiko na ndoo ni msichana wa miaka kumi na miwili. Asubuhi mama ameondoka saa kumi na moja, msichana anaamsha wadogo zake, anawapa uji, anawaosha. Anafika shuleni saa nne akisinzia. Sisi tunamwandika “amechelewa” katika kitabu. Ukweli ni kwamba ametoka kazini.

Kuna wakati mji mzima ulionyeshwa jambo hili waziwazi. Mwisho wa Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga usafiri wa abiria na biashara zisizo za chakula. Mwenye bitenge alikaa nyumbani na deni lake. Wauza chakula waliruhusiwa kuendelea, lakini kwa sharti la kulala palepale sokoni wasirudi nyumbani. Pale Nakasero na kwingineko akina mama walilala kati ya marundo ya matoke na nyanya, ndani ya chandarua, wiki baada ya wiki. Nyumbani kulikuwa na nani? Kwa walio na waume, baba ndiye alibaki na watoto. Alipika, alifua, aligundua kwamba mtoto mdogo hali sombe bila karanga. Hakuna mwanaume aliyekufa kwa kupika. Kama iliwezekana wakati wa amri ya serikali, kwa nini isiwezekane kwa makubaliano ya nyumba?

HESABU YA DARASANI

Wengine wanatuambia, “Walimu, acheni siasa, tufundisheni hesabu.” Haya, tufanye hesabu. Huu ni mfano tu tunaoutumia ubaoni, bei ya kwenu inaweza kuwa nyingine.

Familia imelima nusu eka, imepata magunia 4 ya kilo 100. Jumla kilo 400. Mchuuzi ananunua kilo kwa shilingi 700. Inakuwa shilingi 280,000. Tutoe gharama: mbegu 20,000, kulimisha 40,000, magunia 8,000, mashine ya kupukuchua 12,000. Jumla ya gharama 80,000. Kinabaki 200,000.

Sasa tuhesabu siku za kazi. Mama amefanya siku 46, baba siku 14, msichana siku 20. Jumla siku 80. Gawanya 200,000 kwa 80, kila siku imeleta shilingi 2,500. Basi kazi ya mama imeleta 115,000. Ya baba 35,000. Ya msichana 50,000.

Tulipoandika hesabu hii ubaoni darasa lilinyamaza. Baba mmoja akauliza, “Kwa hiyo nimlipe mwanangu?” Hapana, mzee. Nyumba si kampuni, na hatusemi kila mtu apewe bahasha yake. Tunasema ujue pesa imetoka kwa nani kabla hujaamua inakwenda kwa nani. Zile 50,000 za msichana zimetoka katika siku 20, na nyingi ya hizo zilikuwa siku za shule. Zikiisha kwenye pombe au hata kwenye simu mpya, mtoto amelipa mara mbili. Na angalieni, katika hesabu hii hatujatia hata siku moja ya kuchota maji, kutafuta kuni, kupika wala kuuguza. Tungetia, ubao usingetosha.

MAMBO MATANO TUNAYOSHAURI

Kwanza, kaeni chini kabla lori halijafika. Bei ikishatajwa na noti zimeshatoka, hakuna mtu anayesikia. Wiki moja kabla ya kuuza, baba na mama wakae na daftari: tuna magunia mangapi, tunauza mangapi, pesa ya kwanza inakwenda wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kama hamjui kuandika, mtoto wa darasa la nne anajua, mpeni kalamu. Na siku ya kupima, mama naye asimame karibu na mzani. Macho manne yanaona vizuri kuliko mawili, hasa mzani ukiwa wa mchuuzi.

Pili, gunia la kula litengwe kwanza. Wakati wa mavuno bei inaanguka kwa sababu kila mtu anauza, na miezi michache baadaye inapanda. Familia inayouza yote kwa bei ya chini inarudi kununua posho kwa bei ya juu. Tangu Aprili 2020, WFP ilipopunguza rashoni kwa asilimia 30, mgao umeendelea kukatwa, na familia nyingi sasa hazipati kitu. Gunia lililo ndani ya nyumba ndilo rashoni ambayo hakuna ofisi inayoweza kuikata.

Tatu, mama awe na kikundi chake. Wakongomani tunasema likelemba, Wanyarwanda ikimina, Wasomali hagbad, Waganda nigiina. Majina mengi, dawa moja. Pesa kidogo kila wiki, kwa zamu au kwa kuweka na kukopa, mbele ya mashahidi. Baba asikione kikundi kama siri ya kumkimbia. Na mama asikifanye siri. Pesa ya likelemba ikijulikana na kuheshimiwa inajenga, ikifichwa na kugunduliwa inavunja. Tena tuangalie simu. Pesa ya simu ilianza Uganda mwaka 2009, na imesaidia sana. Lakini kama laini ni moja na namba ya siri anaijua mtu mmoja, mwingine amekuwa mgeni katika pesa yake.

Nne, kazi ya nyumba igawanywe upya kila soko linapobadilika. Mama akianza kutoka alfajiri, swali la siku hiyohiyo ni hili: nani anachota maji? Jibu lisiwe kila siku jina la msichana. Kaka yake ana mikono miwili. Baba asiye na kazi siku hiyo ana mikono miwili. Akina baba, tunawaomba kwa heshima: kumpeleka mtoto shuleni hakukupunguzii chochote. Tunao baba wachache wanaowaleta watoto kila asubuhi hapa kwetu, shati limepigwa pasi, na watoto wao wanajulikana kwa kuwahi. Hakuna anayewacheka. Wengine wanaanza kuwaiga.

Tano, akina mama, nalo hili tuliseme. Ukishika pesa usiishike kama fimbo. Mwanaume aliyepoteza ng'ombe, kazi na kijiji chake ameumia ndani, hata kama hasemi. Mpe hesabu ya siku, mwombe shauri, mtume akachukue mzigo Kikuubo kama anaweza. Lakini heshima haina maana ya kuvumilia kipigo. Pesa ikileta ngumi, hiyo si habari ya ndani tena. Nenda kwa kiongozi wako wa RWC, au polisi, au ofisi inayoshughulikia wakimbizi, au kwa mama mzima unayemwamini. Usingoje mara ya pili.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Jioni moja mwezi huu, baada ya kula, familia ijiulize maswali haya, na watoto wakubwa wawepo.

Ni zao gani au biashara gani inaleta pesa katika nyumba yetu, na nani anaifanyia kazi siku nyingi zaidi?

Mara ya mwisho tulipouza, nani aliamua matumizi? Je, aliyefanya kazi nyingi aliulizwa?

Mtoto gani alikosa shule mwezi uliopita kwa sababu ya shamba au soko, na siku ngapi?

Ni kazi gani moja ya nyumbani ambayo baba au kijana wa kiume anaweza kuichukua kuanzia kesho?

Swali la tatu ndilo tunalolitilia mkazo sisi walimu. Muhula ujao tutaandika siku za kukosa za kila mtoto na sababu yake, na mwisho wa muhula tutampa kila mzazi karatasi ya mtoto wake. Si kwa kumwaibisha mtu. Tunataka mzazi aione ile hesabu ya siku 20 ikiwa na jina la mwanawe juu yake, halafu aamue mwenyewe.

 Wenye maswali au majibu watuletee darasani, au wampe mtoto barua aje nayo. Mwezi ujao tutazungumza juu ya vijana wanaokuja Kampala peke yao kutafuta kazi. Kazi njema shambani, biashara njema sokoni, na hadi mwezi ujao tukijaliwa.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.